Alyaa anayewasimulia wasioona filamu, na bahari iliyomnyamazisha

Alasiri imeshaswaliwa mjini Ibra, Oman. Mapazia ya ukumbi mdogo yamefungwa, kahawa imemiminwa, na kina mama wanane wameelekeza nyuso kwenye skrini ambayo hakuna hata mmoja wao anayeiona. Kando yake amesimama Alyaa, kipaza sauti mkononi.

"Meli kuukuu," anasema taratibu. "Ndugu wawili tu ndani yake. Mkubwa anamtazama mdogo. Hacheki."

"Yaa Rabbi, ana lake huyo!" anasema mmoja, na wenzake wanamnyamazisha.

Alyaa, mwenye umri wa miaka 44, ni mhudumu wa kituo cha wasioona. Huwapokea, huwaandalia chai, huwasindikiza hadi garini. Kusimulia filamu hakumo katika kazi aliyoajiriwa. Alianza baada ya mama yake, Bi Khole, kupofuka kwa presha ya macho na kulalamika kwamba televisheni imegeuka redio mbovu.

Wengi wa kina mama hawa walizaliwa Unguja, na usichanani waliingia sinema siku zilizotengewa wanawake. Ndiyo maana wanazipenda filamu za zamani, zisizo na rangi.

"Hizi za leo mbio tupu na magari kugongana," anasema Bi Khole. "Zile zinakuingia rohoni."

Hii ya leo wameiomba tena. Alyaa aliwaonyesha mara ya kwanza mwaka jana, na hakuwa ameitazama kabla. Ndugu wawili wanapeleka meli kwenda kuvunjwa, na njiani kila mmoja anaanza kuamini kuwa mwenzake anataka kumuua. Maneno ni machache, sehemu kubwa ni nyuso na mawimbi. Asipozungumza Alyaa, wasikilizaji wake hawana kitu.

Siku ile ndugu mdogo alipotumbukia baharini, Alyaa alinyamaza.

"Kaanguka nani?" wakauliza. "Alyaa! Kaanguka nani?"

Miaka kadhaa nyuma, kwenye ufukwe wa Sur, alikuwa amemtazama mdogo wake, Saud, akiogelea mpaka mkondo ukamchukua. Nyumbani Bi Khole aliambiwa tu kwamba mwanawe amezama, ametangulia mbele ya haki. Hakuuliza zaidi, na Alyaa hakusema.

Sauti ya mama yake ikatoka mbele. "Sema, mwanangu. Sisi tumo gizani."

Akasema. Akawasimulia kofia inayoelea, ndugu mkubwa aliyeganda na kamba mikononi, maji yanayojifunga. Akafika mwisho.

Garini, kabla hajawasha injini, Bi Khole akamuuliza: "Na Saud je? Kule kunyamaza kwako kumeniambia ulikuwepo. Nisimulie hivyo hivyo."

"Alinyanyua mkono," Alyaa akajibu. "Nikadhani ananipungia, Mama. Na mimi nikampungia."

Bi Khole akampapasa bintiye usoni.

"Kumbe alikuona," akasema. "Alhamdulillah. Miaka yote hii nikidhani kafa hana mtu."

"Nililia hata nikashindwa kuendesha," Alyaa anakumbuka. "Nilidhani nikinyamaza namhurumia Mama. Kumbe alishajichorea kifo kibaya kuliko chenyewe."

Sasa anamfundisha mpwa wake Tahani, mwanafunzi aliyezaliwa hapa hapa Ibra, ambaye Kiswahili chake bado kinayumba. Kina mama wanamsaidia kwa namna yao.

"Yule meli inageuka," Tahani anajaribu.

"Ile meli, habibti! Ile!" wanamrekebisha kwa pamoja, na ukumbi mzima unacheka.

Baada ya Idi, Alyaa anapanga kuwapeleka wote Sur kwa basi dogo, wakae mchangani, awasimulie bahari yenyewe. Tangu msiba ule hajakanyaga huko.

"Naogopa, sikufichi," anasema. "Nimemwambia Mama, nikifika nikakosa maneno itakuwaje? Kanijibu, 'Ukishindwa, nyamaza tu. Nitawahadithia mie.'"