Bi Ulimi akatazwa kuuza miche ya mkwaju wake mwenyewe

Saa moja asubuhi, Bi Ulimi ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, wembe mkononi. Anapasua shina la mche wa mkwaju pori, anachomeka kikonyo, yaani kitawi alichokikata kwenye mkwaju wake mtamu, kisha anafunga kwa utepe wa nailoni. Vidole vyake vimejaa makovu lakini havitetemeki.

"Huu ni wa mia moja sitini na tatu," anasema. "Na yote ni haramu, kwa mujibu wa wakubwa."

Barua ya wakubwa hao imebandikwa jikoni, juu ya ndoo ya maji. Inamwamuru aache kuuza miche ya mkwaju huo, kwa kuwa aina hiyo imesajiliwa na kituo cha utafiti. Mti wenyewe uko uani kwake. Umemchukua miaka ishirini na sita kuupata.

Jina la Bi Ulimi alipewa na majirani. Alipokuwa bado bibi harusi, alionja ukwaju wa kila mti aliopita chini yake, akasukutua kwa maji ya vuguvugu, akaonja tena. Akapanda mbegu za miti miwili iliyoizidi mingine kwa utamu. Katika miche mia moja na arobaini, mitamu ilitoka mitatu tu. Iliyobaki ikaishia kuwa kuni. Akapanda mbegu za ile mitatu, akaanza kungoja upya.

"Marehemu mume wangu alikuwa anasema ameoa ulimi, si mke," anacheka. Kisha uso unabadilika. "Meno yaliniuma, fizi zikababuka. Sikuona mtaalamu hata mmoja aliyekuja kunisaidia kuonja ile michachu."

Mti mmoja wa uzao huo wa pili ulizaa ukwaju wa kuliwa kama peremende. Mchwa walipoivamia mizizi yake, aliuokoa kwa kubebesha kikonyo chake juu ya shina la mkwaju pori. Ndio mti uliopo leo: chini mchachu, juu mtamu, na kiungo, pale kikonyo kilipoungana na shina, kiko usawa wa kifua.

Msimu mzuri aliuza miche mia tatu, kila mmoja kwa bei ya kilo mbili za unga. Binti yake alisomeshwa kwa miche hiyo hadi akawa muuguzi.

Kisha akaja mtaalamu wa kituo na wasaidizi wawili. Bi Ulimi alikuwa msibani. Binti aliwakaribisha, akawapa viti na maji ya kunywa. Waliokota matunda chini ya mti, kisha wakaomba vikonyo.

"Ngazi ilikuwa pale ukutani," anasimulia binti. "Hata hawakuigusa. Walikata machipukizi ya chini, wasije wakachafua mashati."

Chini ya kiungo! Walisajili utamu wa matunda waliyookota, wakaondoka na vikonyo vya mkwaju pori. Bi Ulimi aliposimuliwa, alimpigia mtaalamu simu kumwonya.

"Akaniambia, 'Mama, kazi hii sisi tumeisomea.' Nikamwambia haya, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mwaka uliofuata ikaja barua. Msimu huu miti ya kituo, zaidi ya elfu mbili, imezaa kwa mara ya kwanza, na wakulima walioinunua wanatema mate. Usajili haujafutwa. Mwanamke asiye na kosa amekaa misimu minne bila kuuza mche. Hiyo ni dhuluma, na haina jina jingine la kuipamba.

Wiki iliyopita mtaalamu alirudi na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, mama. Tunaomba vikonyo vingine."

"Marahaba. Vya mti wa nani?" akamuuliza. "Maana barua yenu inasema mimi sina mti."

Sukari alirudi nayo.

Mwezi ujao malalamiko yake yatasikilizwa kwenye ofisi ya usajili. Anataka aina hiyo iandikwe kwa jina lake. Atabeba vikapu viwili vya ukwaju, cha kituo na chake, waamuzi waonje wenyewe.

Na miche hii? Haiuzi. Ataigawa bure kwa majirani siku hiyo, kabla hajatoka nyumbani.

"Wakiamua vibaya, watakuta kila nyumba ya mtaa huu ina mche wangu," anasema, akikaza utepe. "Wataanza kugonga mlango wa nani?"