Kabini ya Mtu Mmoja

Walisema sitaweza. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yangu, na alisema akiwa amekaa juu ya gurudumu la trekta lenyewe. Miaka yote niliyokuwa Zambia, trekta lile la baba lilisimama kando ya ukuta wetu hapa Kolwezi, na watu walikuwa wameshaligeuza benchi.

"Ile kitu ilikufa zamani," alisema. "Bakuku banataga mayayi mule ndani. Batu ba feraye bako tayari kuibeba."

Watu wa feraye ni wanunuzi wa chuma chakavu. Hapa hawakosekani; ukiacha baiskeli yako nje ya duka, wanaipima kwa macho. Jirani yetu mwenye basi dogo, ambaye maishani mwake hajawahi kubadilisha hata plagi bila kumwita fundi, naye akaongeza lake: "Diplome haiwezi kuwasha motere, musyé."

Naandika haya ili ijulikane kwamba iliwaka.

Na ijulikane pia ni nani aliyeiwasha. Niliondoka hapa na mfuko mmoja wa plastiki. Kule Zambia nilianza kwa kufagia karakana ya shamba kubwa la mahindi, nikawa nasoma jioni, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa mashine za kilimo. Hakuna mjomba wala shemeji aliyenishika mkono. Diploma hiyo imetundikwa sebuleni kwa mama, juu ya televisheni, na anayeingia hawezi kusema hajaiona.

Lakini kwa desturi yetu watu wenye asili ya Kasai, vitu vya marehemu vinasimamiwa na wadogo zake, si na mwanawe mwenye diploma. Ilibidi nikae kwenye kikao, nisikilize hotuba, ninywe soda ya moto, kisha baba mdogo akatoa hukumu: "Mvua ya kwanza ikinyesha, trakteri ilime. Kama inalima, iko yako. Kama hailimi, feraye banaibeba, na mi sitaki kusikia kilio."

Baba alikuwa amelinunua trekta lile alipoacha kazi ya mgodi, wakati wenzake wakinunua teksi. Kwa hilo tu nilikuwa tayari kuvumilia hotuba.

Injini ilikuwa imeganda. Pistoni zilishikana na silinda kwa kutu. Mtu asiyesoma angechukua nyundo. Mimi nilimimina mazuti, ndivyo tunavyoiita dizeli, juu ya kila pistoni, nikafunika, nikaacha iloweke. Kila siku nilijaribu kuizungusha kwa mkono, na kila siku wapita njia walisimama langoni.

"Musyé enjenyere, supu iko inaiva?"

"Bado chumvi!" mwingine alijibu kwa niaba yangu.

Siku injini ilipozunguka kidogo tu, upana wa kidole, hapakuwa na mpita njia hata mmoja. Ndivyo mji huu ulivyo. Ukikwama, watazamaji wamejaa. Ukifanikiwa, wote wamekwenda sokoni Manika.

Vifaa vingine vilivyohitajika sikuwa navyo, ikabidi niazime. Sikukopa hata franka moja. Niliazima vitu, na kila aliyeniazima alitaka jambo moja tu, nimlimie shamba lake mvua zikianza. Jirani wa basi dogo alitoa betri. Kwaya ya kanisa letu ilitoa jenereta wanalopigia vipaza sauti. Fundi mmoja wa kuchomelea, wa Musonoi, alitoa mashine yake na vyuma. Na baba mdogo, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino, alirudisha plau ya baba, ambayo alikuwa akiitumia kuzuilia geti lake.

Sasa nieleze habari ya kabini, kwa sababu hapo ndipo kila mtu aligeuka mtaalamu.

Wakati wa baba trekta halikuwa na kabini. Lilikuwa na kiti, usukani, na mwavuli wa sokoni uliofungwa kwa waya. Jua likipinda, mwavuli unamfunika mtu asiyekuwepo. Jirani akapendekeza turubai juu ya miti minne, kama lilivyo trekta la parokia ya jirani. Nilimweleza kwamba turubai linakupa kivuli siku ya jua na maji siku ya mvua, na upepo wa Septemba unalichana kama karatasi ya mkate. Fundi wa Musonoi alikuwa na kabini nzima ya mashine iliyokufa mgodini, yenye nondo mbele na chuma kizito pande zote. Nzuri kwa mawe yanayoporomoka. Lakini dereva wa mgodini anatazama mbele. Anayelima anatazama nyuma, kwenye plau, na kabini ile nyuma ilikuwa ukuta mtupu. Ukilima nayo ni kama kushona nguo umefumba macho.

"Lakini iko nguvu, tata," fundi alisisitiza.

"Hata jeneza lina nguvu," nilimjibu.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana, nalo ni hili: trekta likipinduka, nini kinatokea? Plau ikinasa kwenye kisiki na dereva akikanyaga mafuta, mbele hunyanyuka na trekta humwangukia mwenyewe. Nimeliona jambo hilo Zambia kwa macho yangu. Paa la bati juu ya vyuma vyembamba ni kofia, si kabini. Kwa hiyo nilikata mabomba manene kutoka kwenye ile ya mgodini, nikatengeneza nguzo nne zilizofungwa kwenye ekseli yenyewe, kisha nikazizungushia kioo pande zote kama matrekta makubwa niliyoyaendesha kule: milango miwili, feni ndogo, mpira pembeni kuzuia vumbi. Vumbi letu jekundu, ambalo malori ya madini hulimwaga juu ya kila sahani ya mji huu, halikuingia hata chembe. Nilikaa ndani nikafunga mlango, na kelele za Kolwezi zikakatika. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile.

Kiti kilikuwa kimoja. Somo la kwanza kabisa la shule yetu lilikuwa hilo: trekta moja, kiti kimoja, mtu mmoja.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake nilikwenda kumlimia jirani wa basi dogo, shamba lake lililo nje ya mji, upande wa mto Lualaba. Nilimkuta amevaa koti la kanisani. Mkononi ameshika mto mdogo wa kukalia.

"Nakaa wapi?" aliuliza.

Hapa kwetu mwenye shamba habaki nyumbani akilimiwa. Anapanda, anakaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma, bega kwa bega na dereva, anaonyesha mpaka uko wapi, kichuguu kiko wapi, mihogo ipi ya mwaka jana isiguswe. Na wapita njia wanamwona. Nilikuwa nimewaona wengi wamekaa pale wakati wa baba, na niliporudi na elimu yangu nililihesabu kuwa jambo la hatari lililokwisha. Kabini yangu ilikuwa imeyafunika madigadi yote mawili.

"Huwezi kukaa," nilimwambia. "Tembea nyuma, nionyeshe kwa mkono."

Alitembea nyuma. Alipunga, alipiga kelele, alirusha bonge la udongo. Mimi, ndani ya ukimya wangu mzuri, sikusikia kitu. Nilipogeuka, nilikuwa nimevuka mpaka na kupasua matuta ya viazi vitamu ya shemeji yake, na yeye amesimama katikati ya viazi akiwa amevua koti.

Hakutukana. Afadhali angetukana. Nilipozima injini, alifungua boneti, akachomoa betri yake, akaiweka juu ya ule mto wake kama mtoto, akaondoka na taksi-moto, yaani pikipiki ya abiria. Trekta nililivuta hadi nyumbani kwa lori la mtu, mchana kweupe, na safari hii watazamaji walikuwepo wote.

Kufikia jioni baba mdogo alikuwa sebuleni, chini ya diploma yangu.

"Mvua imenyesha. Trakteri hailimi. Siku ya kwanza banakuja na kamyo."

"Injini inafanya kazi! Plau inafanya kazi! Tatizo ni betri ya mtu mwenye kununa!"

"Hailimi," alirudia. Siku ya kwanza ni Jumatatu, kamyo ni lori, na hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nilimgeukia mama nikitegemea ataniunga mkono. Alikuwa akichagua maharage. "Muana wanyi," alisema kwa lugha ya kwao, mwanangu, kisha akaendelea kwa Kiswahili: "Baba yako alikuwa analima na batu. Weye unalima na kioo."

Nilitoka nje nikapiga teke gurudumu, nikaumia kidole. Kabini bora kuliko zote katika mkoa mzima, na inashindwa kwa sababu watu wazima wanataka kupandishwa kama watoto kwenye sherehe! Kule Zambia ningefukuzwa kazi. Lakini kule Zambia trekta halikuwa la baba yangu.

Jumamosi nilikata. Milango, vioo vya pembeni, kioo cha nyuma, mpira wangu wa vumbi, vyote vikatoka. Nguzo nne na paa sikuviachia, na kioo cha mbele nilikibakiza kwa ukaidi. Juu ya kila madigadi nilichomelea kiti cha chuma chenye mgongo, mahali pa kushikilia na mkanda wa kufunga kiunoni, maana nikilazimishwa kufanya upumbavu, ninaufanya kitaalamu. Kisha nilikwenda kwa jirani.

"Kiti kiko," nilimwambia. "Beba mto wako."

Jioni hiyo hiyo alirudisha betri, na kesho yake alichukua muda mrefu kuvaa lile koti.

Jumapili, misa ilipokwisha, nilimaliza shamba lake na kuyainua upya matuta ya shemeji yake. Jumatatu lori la feraye lilipofika, trekta halikuwepo nyumbani; lilikuwa Musonoi, fundi amekaa kushoto anawapungia wenzake wote. Baada yake ikawa zamu ya kwaya, ambao waligombania viti viwili, wakapokezana kila mfereji mmoja, na waliokuwa chini wakaimba mpaka nikatamani kioo changu.

Wa mwisho alikuwa baba mdogo mwenye plau. Alipanda na fimbo yake, akakataa mkanda, akaufunga niliposhusha mikono kutoka kwenye usukani na kukataa kuondoka. Kila hatua alikuwa na neno: punguza, ongeza, pale kuna jiwe, baba yako hakuwa anakata kona hivi. Katikati ya shamba simu yake ikalia. Nilijua ni nani kwa jinsi alivyonitazama kabla ya kupokea.

"Feraye?" alisema. "Feraye gani? Mi niko nakaa juu yake!"

Akazima simu, akagonga paa langu kwa fimbo, kwamba twende. Tulipofika ukingo wa mwisho alishuka, akajinyoosha kiuno, akasema kiti cha upande wake kinaumiza.

Nilikuwa nimemlimia kila mtu aliyeniazima kitu, na trekta lilikuwa langu.