Tumaini la Tano

Fundi wa hospitali ana kucha za rangi, kila mwaka na rangi yake. Wafadhili hutoa fedha za uvumbuzi tu, si za matengenezo. Basi kisanduku kilekile cha kuwapashia joto watoto njiti, akishakitengeneza, hukipaka upya na kukibatiza jina. Hupaka ulimi umemtoka pembeni, kama mtoto anayejifunza kuandika. Leo mgeni wa wafadhili alikigusa, kidole kikatoka kijani.

“Kinaitwaje?”

“Tumaini la Tano.”

“La Nne liko wapi?”

“Limestaafu, mheshimiwa.”

Muuguzi akauma midomo. Fedha zikikatwa, vichanga watalala baridi. Mgeni akafuta kidole kwa leso, taratibu.

“Uvumbuzi mzuri,” akasema. “Ila mwakani, fundi, paka mapema kidogo.”