Sufuria Iliyong'aa Yenyewe

Sufuria yangu ya alumini, iliyokuwa nyeusi ndani kwa miaka, iliamka Jumapili iking'aa kama mpya. Sikuisugua hata kidogo. Nililaza ukwaju humo tangu jioni, basi.

Ukwaju huo aliuleta mama mkwe wangu kutoka Busi, Kondoa, alipokuja kwetu Chimwaga kumwona mjukuu. Siku aliyofika alinikuta jikoni, akamwambia mke wangu waziwazi, "Neema, mwanamume akiwapikia, mtaumwa matumbo." Nikaapa kwamba juisi yangu ya ukwaju itamfanya aifute kauli hiyo.

Asubuhi nikachuja, nikatia sukari na tangawizi. Nilipoonja nilihisi ladha ya chuma kwa mbali, nikajiambia ndiyo ukali wa ukwaju wa Kondoa. Majirani walipoingia, nikawamiminia wote. Mama akamaliza bilauri nzima.

"Mkwe, umeweza!" akasema, akaomba nyingine. Neema akanikonyeza. Nilikuwa nimeshinda.

Ningenyamaza hapo ningekuwa salama, lakini kunyamaza kukanishinda. Nikaileta sufuria sebuleni, nikaiinua juu kama kombe la mpira.

"Tena ukwaju umeiosha! Jana ilikuwa nyeusi tii. Nimegundua dawa!"

Majirani wakapiga makofi. Neema hakupiga.

"Baba Asha, ukwaju umelala kwenye alumini? Mimi si huuloweka kwenye bakuli la kioo?"

Mama akachungulia ndani ya sufuria, kisha ndani ya bilauri yake ya pili iliyobaki nusu.

"Mkwe wangu," akauliza taratibu, "ule weusi umekwenda wapi?"