Mkaa Hautaki Maji ya Moto

Saa mbili asubuhi, bomba la chini ya pipa linatoa maji ya buluu, na Mama Mkaa ameshika kiuno.

"Shemeji, umemwaga tena ya moto?"

"Vuguvugu tu, shemeji."

"Vuguvugu gani hilo linalofuka mvuke?"

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye fundi wa karakana hii ya kutia nguo rangi. Kazi ya Mama Mkaa ni kusafisha maji yaliyobaki. Huyapitisha kwenye pipa lenye mchanga chini na mkaa juu. Mkaa anautwanga mwenyewe, anauchekecha, kisha anausuuza mpaka maji ya kusuuzia yatoke meupe. Miaka minane sasa. Weusi wa kuchani hautoki hata kwa dodoki.

Maji yakipoa, hutoka safi. Ila shemeji hana subira. Kwake, kama maji ya moto hung'arisha sufuria, basi yataharakisha na usafishaji huu.

"Nimesema mpaka koo limekauka," analalamika mama huyo. "Mkaa hauinywi rangi. Rangi inaukalia juu juu, kama wageni kwenye viti. Ukiwapelekea joto, wanainuka wote wanatoka, hata wale wa jana! Na viti vikijaa, ubadilishe mkaa. Kuna ugumu gani hapo?"

Leo hasira zina sababu. Mtaro unaopokea maji ya pipa unapita mlangoni kwa jirani, ambaye alishtaki baada ya bata wake kurudi nyumbani na vifua vya buluu. Bwana afya anakuja mchana. Akikuta rangi, anafunga karakana, na nyumba mbili zinakula hapo.

Mama Mkaa anaziba bomba kwa kitambaa, anachota mkaa wote, anajaza mpya. Shemeji anaamriwa kupepea ndoo za maji ya rangi kwa kipande cha boksi, yapoe kabla ya kumwagwa kwenye pipa.

"Mkono unauma, shemeji."

"Pepea!"

Bwana afya anafika, anakinga maji kwenye glasi, anayainua juani. Hayana rangi. "Nitarudi bila taarifa," anasema, na kuondoka.

Mama Mkaa anaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Anataka kujenga tangi la kupozea, lenye mfuniko na kufuli, na ufunguo aufunge kwenye pindo la nguo yake.

"Na mimi nikitaka kumwaga maji?" anauliza shemeji.

"Wewe utaingia humo humo, upozwe kwanza."