Mabonde kwenye Mtungi

Binti wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufinyanzi hatulii. Huizunguka meza ya udongo kama kuku anayetafuta pa kutagia, uzi wa kuukatia ameubana kwa meno. Jioni huenda nyumbani na mtungi mbichi, laini kama shavu. Asubuhi huurudisha una mabonde, akiufungua kitambaa taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala. Mwalimu wake aliyaona mabonde hayo kuwa uzembe. Mtihani wa kazi za mwisho ulipokaribia alimhurumia, akachukua sifongo yenye maji amsawazishie mtungi mmoja. Binti akakinga mkono.

“Samahani, mwalimu, hapo usiguse.”

“Watahini watakufelisha, mwanangu. Watasema hukumaliza.”

“Waseme. Huyo ni mama. Nilimwambia aushike kama anavyoshika unga wa mikate kazini. Ule pale ni bibi. Ule uliopinda ni mdogo wangu, hana subira yule.”

Mwalimu akaweka sifongo chini, akaingiza vidole vyake katika mabonde ya mama. Vikapwaya.

“Mh! Mama yako ana mkono!”

“Ndio uliotulea,” alisema binti, akaugeuza mtungi, mabonde yakaelekea mlangoni, watakakoingilia watahini.