Manowari Iliyobadilishwa Bendera

Mwaka wangu wa pili Marekani nilimhudumia mzee mmoja huko Arlington, mjane, mstaafu wa jeshi la majini. Miguu ilikuwa imemkataa lakini vidole bado vilikuwa na kazi. Nilitoka Langley Park mapema, basi kisha treni, na nikifika namkuta keshaamka, anaitazama meli yake.

Aliiunda mwenyewe kwa mbao, ndefu kama kitanda cha mtoto. Akinywa uji, alinisimulia habari za meli halisi aliyoiiga. Ilikuwa manowari ya matanga ya Wafaransa. Waingereza waliiteka vitani, milingoti imevunjika, wakaikokota hadi kwao, wakaitengeneza na kupandisha bendera yao, kisha wakaipeleka kupigana na Wafaransa wale wale walioijenga. Ilipochakaa waliing'oa milingoti, wakaigeuza jela ya mateka.

"Mmoja wa wafungwa zamani alikuwa baharia wa meli hiyohiyo," aliniambia. "Walimfungia chini, palepale alipokuwa akitundika kitanda chake cha kubembea."

Majira ya baridi akili yake ikaanza kumtoka. Akawa anaisikiliza meli, kichwa kakiinamisha. Adhuhuri moja akaanza kusema maneno nisiyoyajua, kwa sauti isiyo yake, nyembamba, ya kijana. Mwenzangu Mkongomani, aliyekuja kunipokea zamu, alisimama mlangoni hata koti hajavua.

"Dada, huyu muzee anasema Kifaransa. Anasema mufungue. Watu beko wengi mule chini, wanakosa pumzi."

Nilimpigia simu binti wa mzee, nikamweleza.

"Baba hajui Kifaransa," akasema. "Hajawahi kujifunza."

Mzee alikuwa akinyoosha kidole kwenye ubavu wa meli, kwenye vifuniko vya matundu ya mizinga, alivyovigandisha kwa gundi. Mimi nimelelewa kanisani. Kwetu mambo kama hayo hukemewa. Lakini machozi yalimtiririka, nikakosa la kukemea. Nilichukua kisu chake kidogo nikavibandua kimoja kimoja, mwenzangu ameishikilia meli isiyumbe. Kilipotoka cha mwisho tulisikia pumzi ndefu, kama ya watu wengi wanaoibuka majini. Haikutoka kwa mzee.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Usiniulize tena."

Mzee akalala usingizi mzito. Siku ya tatu alifariki, mchana, nimemshika mkono, bila kusema tena neno la lugha yoyote.

Baada ya mazishi binti yake alikuja kufungasha vitu. Akaiona meli, akauliza nani kaiharibu.

"Ni mimi," nikasema. "Baba yako aliniomba."

Aliinama, akaingiza kidole katika tundu moja, akakitoa upesi. Alichogusa hakuniambia. Aliifunika meli kwa shuka, akaniomba tuibebe pamoja hadi kwenye gari, na ngazi za nyumba tulizishuka taratibu, isiyumbe.